Mfuriko Sifuri

Askarichuma wa kwanza hakubisha hodi. Aliung'oa mlango wa chuma pamoja na miimo yake, akaugeuza, akampiga nao mtu wa kwanza aliyejitokeza. Mtu yule alibaki amebandikwa ukutani. Wa pili alifyatua bunduki hadi risasi zikamwishia. Askarichuma akamshika mkono ulioshika silaha, akauvuta kama mtu anayechomoa muhogo, na mkono ukatoka.

Nyamizi Kafuku alitazama hayo kwenye kioo kikubwa cha chumba cha uongozaji, upande wa pili wa jiji la Tabora. Hakugeuza uso. Yeye alikuwa mhandisi wa kurasa za kompyuta, na ukurasa mmoja tu ndio uliomhusu: ukurasa wa idhini.

Askarichuma, roboti za kivita, hawakuua kwa uamuzi wao wenyewe. Kabla ya kuingia katika jengo, hisi zao zilipenya kuta, zikatambua kila moyo unaodunda, na kumwandikia kila mtu mstari wake: ni nani, yuko wapi, ana silaha gani. Wenye hatari kubwa walitangulia. Wasio na hatari walikaa mwisho. Kisha binadamu mmoja alipaswa kuisoma mistari yote na kubonyeza KUBALI. Angeweza kumwondoa yeyote kwa kumgusa. Asiyeondolewa alihesabiwa adui.

Udhaifu ulikuwa kwenye kisanduku chenye mistari hiyo. Maandishi yakizidi urefu wa kisanduku, yaliyozidi hufichika, na msomaji hudhani ameona yote. Kwa sababu hiyo Nyamizi alitunga kigunduzi cha mfuriko, programu iliyolinganisha urefu wa maandishi na urefu wa kisanduku. Maandishi yakizidi, kitufe kilijifunga mpaka msomaji ayateremshe hadi mwisho.

Wiki moja kabla, kitufe kilijifunga katikati ya mapigano, na walinzi wawili wakachinjwa huku Kamanda Ndekeja, mwenye mamlaka ya kubonyeza, akiwa bado anateremsha mistari.

"Nataka kisanduku kinachotanuka," alimwambia Nyamizi siku iliyofuata. "Mistari ikiongezeka, nacho kirefuke. Sitaki kufungiwa mlango na karatasi ya umeme tena."

Nyamizi alikifanya hivyo. Alikijaza mistari mingi kadiri alivyoweza, na kila mara kigunduzi kilisoma sifuri. Aliridhika.

Sasa jengo la kwanza la kituo cha pampu lilikuwa kimya. Lilibaki la pili, ambamo genge lililoteka kituo lilikuwa limejikusanya. Redio ikakoroma.

"Mnyamwezi, upo?"

Alikuwa Pazi Mwinyikondo, mtani wake wa kabila na fundi wa askarichuma, aliyejibanza nyuma ya jengo hilo.

"Nipo, Mzaramo. Leo umeamka mapema, kuna pilau huko?"

"Pilau baadaye. Nasikia siku hizi mmeacha kubeba pembe za ndovu za watu, mnabeba kurasa. Upagazi hauwatoki!"

"Bora sisi tunabeba. Wewe umewahi kubeba nini zaidi ya tumbo lako?"

Pazi alicheka, kisha akanong'ona. "Kuna mtu analia humu ndani. Fundi wa pampu, nadhani. Anasema wamemkata mguu."

"Usiingie, Pazi."

"Nani kasema naingia?"

Redio ikafa. Genge lilikuwa limeziba mawasiliano ya redio.

Ukurasa wa idhini ukafunguka. Mistari ilishuka, ikajaza kioo.

"Kamanda, Pazi alikuwa mlango wa nyuma," Nyamizi alisema. "Huenda ameingia."

"Kama ameingia, ukurasa utamwonyesha. Si ndiyo kazi yako? Niambie, yumo au hayumo? Wanachinja watu mle."

Nyamizi alisoma mistari yote. Pazi hakuwamo. Chini kabisa, kwenye ukingo wa kioo, aliona vijistari vyeusi vyembamba, kama vichwa vya herufi ambazo miili yake imezama. Moyo ulimshtuka. Akatazama pembeni, kwenye kigunduzi: MFURIKO 0. Mshtuko wa moyo haukuwa kipimo. Sifuri ilikuwa kipimo.

"Hayumo," alisema.

Ndekeja akabonyeza.

Askarichuma walibomoa ukuta, wakaingia. Waliwavunja watu migongo, wakawakanyaga walioanguka, wakawapondaponda waliojificha nyuma ya mitambo hadi damu ikachanganyika na maji ya pampu. Kwenye ushoroba wa nyuma mtu mmoja alikuwa akirudi kinyumenyume, amemweka mwingine mabegani. Alipaza sauti, akitaja namba yake ya kazi. Askarichuma ambaye mtu huyo alimtengeneza kwa mikono yake mwenyewe alimshika kiunoni, akakunja ngumi hadi vidole vikakutana.

Nyamizi aliikimbilia meza ya kamanda, akaivuta fremu ya nje ya ukurasa kwa kidole. Mstari uliozama ukapanda:

Pazi Mwinyikondo, fundi wa kikosi. Hana silaha. Amebeba majeruhi.

Kisanduku kilikuwa kimetanuka kama kilivyoagizwa. Lakini kilikaa ndani ya fremu nyingine, yenye urefu wa kioo, na fremu ile ilikata kila kilichovuka ukingo wake.

"Kigunduzi kilisema sifuri," Ndekeja alisema.

"Kilisema kweli. Kisanduku kinachotanuka hakifuriki kamwe. Nilipaswa kupima fremu."

Kesho yake asubuhi gari la kikosi lilileta jeneza nyumbani kwa kina Pazi. Mama yake, Bi Mwanakheri, alisimama barazani, macho yamevimba. Alipoambiwa yule mwanamke aliyesimama kando ni Mnyamwezi, alinyoosha kidole mbele ya waombolezaji wote.

"Ehe! Wapagazi si ninyi? Mmekuja kula ubwabwa wa watu bure? Mzigo huo hapo, ubebeni!"

Watu wakacheka kidogo, kama inavyopasa mtani akichokozwa msibani, wakangoja jibu. Nyamizi alilisogelea jeneza. Wanaume wakampisha, naye akashika pembe moja ya jeneza.

Lilikuwa jeneza la kawaida, la urefu wa mtu mzima. Walipoliinamisha kupanda ngazi ya baraza, kitu ndani kiliteleza kutoka mwisho mmoja, kikaenda mbali, ndipo kikagonga mwisho wa pili.