Kichapeni Kama Kilivyo

— Nuru, mbona unaondoa kitabu chako wakati tuko karibu kukichapa?

Nuru aliganda katikati ya duka la dawa alikofanya kazi, pale Makiso, mjini Kisangani, simu ikiwa sikioni. Aliyepiga alikuwa Josée, mwenyeji wa Bukavu, mhariri wa nyumba ya vitabu huko Kinshasa. Ndiye aliyeikubali riwaya yake ya kwanza baada ya wengine wote kuikataa.

— Sijaondoa kitu, madame.

— Message ilitoka kwa simu yako jana. Nakusomea: "Naondoa kitabu changu. Musikichape. Nuru."

Jana simu yake ilikuwa imeazimwa na mtu mmoja tu: Yunus, mchumba wake.

Nuru alipanda pikipiki mpaka duka la vitenge la Yunus na mama yake. Yunus alikuwa mbele akiuza. Mama mkwe wake mtarajiwa, Mama Zaina, alikuwa nyuma akikunja mali.

— Yunus, ni weye ulimuandikia madame Josée?

Yunus hakukana.

— Keti kwanza, Nuru.

— Nitasimama.

— Nilisoma zile kurasa ulinitumia. Yule mwanaume anapiga bibi yake, halafu Ijumaa anakaa safu ya kwanza musikitini. Watu watasema ni papa yangu. Nitamuangalia usoni namna gani?

Hasira ya Nuru ilisita.

— Yunus, ile hadithi nilibuni. Papa yako namujua kwa salamu tu. Sikujua kama anamupigaka Mama.

Yunus akafumba macho. Siri ya nyumba yao alikuwa ameitoa yeye mwenyewe.

— Futa ile sura moja tu, akasema kwa sauti ndogo. Tuoane kwa amani.

— Hapana. Leo nitafuta ju ya papa yako, kesho ju ya jirani. Kama ndoa inaomba ninyamaze, basi ndoa iachwe.

Akavua pete, akaiweka juu ya vitenge.

Mama Zaina akaja mbele.

— Yunus, unamuficha nani? Ni miye nilipigwa. Haukuniuliza kama naona haya.

— Mama...

— Nilinyamaza ili mukue. Sasa mumekuwa wakubwa.

Akamgeukia Nuru.

— Ule mwanamuke wa kitabu, mwisho anafanya nini?

— Anatoka, Mama. Anapanda train ya Ubundu na watoto yake.

— Bon. Kichapwe.

Nuru akabonyeza namba ya Josée, akaweka sauti ya wote kusikia, akamtia Yunus simu mkononi.

— Mwambie.

— Madame, Yunus akasema, ile message niliandika miye. Nuru hakujua.

— Na kitabu? Josée akauliza.

— Kichapeni kama kilivyo, Nuru akajibu. Na jina langu lote, bila kufupisha.

Pete aliiacha pale pale. Siku ya harusi ikapita bila harusi.

Kitabu kilipofika Kisangani, Yunus alimtumia ujumbe: "Nimekimaliza. Niliongea na papa, alinifukuza nyumbani. Nimepanga chumba, Mama anakaa kwangu. Siombi urudishe pete. Naomba tu nije siku ya kukizindua."

Nuru alijibu: "Kuja."

Ukumbi ulijaa. Mwandishi wa redio akauliza:

— Huyu mwanaume mukali ulimutoa wapi?

Kabla Nuru hajafungua mdomo, Yunus alisimama.

— Nuru alimubuni. Lakini kwetu alikuwako, na miye nilinyamaza.

Wazee wawili wa msikitini walinyanyuka, wakatoka. Mama Zaina hakugeuka kuwatazama.

Watu walipotawanyika, Nuru alimfuata Yunus mlangoni.

— Sasa muji muzima utajua.

— Ujue.

— Na kama watakimbia duka yako?

— Wakimbie. Niliogopa kutosha.

Hapo ndipo Nuru alipomshika mkono.

Baada ya Ramadhani walioana, nyumbani kwa mjomba wa Nuru. Baba yake Yunus hakuja. Shehe alimuuliza bibi harusi kama ana sharti.

— Niko nayo moja, Nuru akasema. Kitabu cha pili nimeisha kuanza, na sitaomba mutu ruhusa.

Watu wakatazamana.

— Nimekubali, Yunus akasema, kabla shehe hajamuuliza.