Blanketi Gumu la Mama Mkwe

Mama mkwe alikunywa uji amejifunika shuka mbili na koti la mwanawe. Chumba chake hakikupata jua, na sakafu ya saruji ilikuwa baridi. Ila hakutaka kuhama. Kila aliyepita dirishani alimsalimu, naye alimrudishia utani.

Asubuhi hiyo binti yake aliingia bila kupiga hodi. Akamshika mama miguu, kisha akamgeukia mke wa kaka yake.

"Wifi, wewe ni fundi wa nguo, na mama anatetemeka. Mwisho wa mwezi nikimkuta hivi, namhamishia kwangu. Tusije tukalaumiana."

Fundi huyo mtaani walimwita Pilipili. Hasira ilimpanda hadi masikioni. Mchana ule ule alinunua uzi wa sufu na sindano za kufumia, akaanza blanketi. Huku anafuma, huku anamsema wifi yake kimoyomoyo. Eti fundi! Akavuta uzi. Eti anatetemeka! Akavuta tena.

Blanketi lilitoka gumu kama zulia la mlangoni, kingo zimejikunja. Mama mkwe alijifunika, likasimama juu ya magoti yake kama kibanda.

"Mwanangu," akasema, "hili labda tuezekee jiko."

Pilipili alilitupa kitini. Jirani yao muuza nyama alikuwa ameleta mifupa ya supu. Mtu huyo mnene hufuma masweta nyuma ya meza ya bucha wateja wakiadimika. Alilibinya blanketi, akauliza Pilipili amegombana na nani.

"Shemeji, usinitanie leo. Nitakurushia hiyo mifupa."

"Sitanii. Uzi umeunyonga. Sufu haina moto wake yenyewe. Inashika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto la mwili. Wewe umeiziba yote. Fumua."

"Lote?"

"Lote. Nilimsikia wifi yako. Ukilionea huruma, mama atahamishwa."

Alifumua kwa hasira, mama mkwe akiviringisha uzi. Muuza nyama alimpa sindano nene zaidi, akamfundisha. Mishono minne laini, uzi ukiwa nyuma ya sindano, minne ya vinundu, uzi ukiwa mbele, hivyo hivyo kwenda na kurudi, kwa safu nne. Safu nne zinazofuata, aanze na vinundu. Hapo vyumba vidogo hujitokeza, kama kikapu kilichosukwa, na hewa hukaa humo. Kingo zote nne afume laini tu, kwenda na kurudi, zisijikunje. Na mshono uteleze wenyewe kwenye sindano. Ukikwama, mkono umekaza.

Hasira haikuisha. Ila kila ilipopanda, mshono ulikwama, na Pilipili aliweka sindano chini, akaenda kukoroga chungu, akarudi.

Mwisho wa mwezi wifi alikuja na begi tupu la kuchukulia nguo za mama. Alipenyeza mkono chini ya blanketi, akagusa miguu. Akaigusa tena.

"Ina joto au haina?" mama akauliza.

"Ina joto."

"Basi begi lako litarudi jepesi. Na wifi yako umwombe radhi kabla hujanywa chai yake."

Wifi aliomba radhi, kwa shingo upande. Baadaye akauliza blanketi kama lile linafumwaje. Pilipili alimpa sindano, akamtazama anavyovuta uzi kwa nguvu, midomo ameibana.

"Legeza mkono, wifi," akasema. "Mimi pia bado nimekasirika."