Hodi ya Tatu

Mlango ulisema karibu, na hakuna mtu aliyeingia.

Mwanaidi alikuwa jikoni juu ya kigoda, anatwanga karanga za kutia kwenye mlenda. Mdogo wake Naima alikuwa mkekani anavalisha gunzi la mahindi kitambaa. "Karibu, mwanangu. Vua viatu. Maji yako kwenye mtungi." Ilikuwa sauti ya mama yao, nayo haikumshtua, kwa kuwa hivyo ndivyo kitasa kilivyosema kila mtu wa nyumba alipoweka kidole.

"Baba? Shikamoo," aliita.

Hakuna aliyeitika. Alipoingia sebuleni alikuta mlango umeachama kiasi cha kupita paka, pazia linacheza na vumbi limeshafika kwenye zulia. Gari la baba halikuwepo nje. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mapaa ya mtaa wa Area D.

Aliufunga. Kisha akabaki amesimama, mkono juu ya kitasa, kwa sababu alikuwa amekumbuka kitu. Kicheko hakikuwepo.

Kitasa kile kilikuwa na historia yake. Baba yao, Habibu, alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali, leo yuko Chemba, kesho Kondoa. Mama yao, Rukia, alikuwa bingwa wa kupoteza funguo. Alizisahau sokoni, alizisahau kwenye shughuli, siku moja zilikutwa ndani ya debe la unga. Baba alichoka, akanunua mjini kitasa cha kufunguliwa kwa alama ya kidole, na fundi Seth, kijana wa Kigogo mwenye maneno mengi, akaja kukifunga.

"Mama, hiki kinaongea," Seth alisema. "Wengi wanakiacha na Kizungu chake. Ukitaka kiwe na sauti yako, sema hapa."

"Niseme nini sasa, fundi?"

"Kile unachowaambia watoto wakirudi nyumbani."

Rukia alikiinamia kama mtu anayemnong'oneza mtoto. Alipofika kwenye neno mtungi, Naima akamvuta kanga, na mama akacheka, kicheko kifupi cha puani, nacho kitasa kikakimeza. Seth alitaka warudie.

"Kiache hivyo hivyo," baba alisema. "Hicho kicheko ndicho nilichooa."

Haukupita mwaka. Rukia aliamka kichwa kinamuuma, akapelekwa hospitali kwa miguu yake mwenyewe, na magharibi akarudishwa amefunikwa kanga. Wanaume walikuwa wamembeba. Baba alitangulia, akaweka kidole, na mbele ya watu wote ile sauti ikasema, "Karibu, mwanangu. Vua viatu." Ikafika kwenye mtungi, ikacheka. Wanawake waliokuwa barazani walipiga kelele. Mama alikaribishwa na sauti yake mwenyewe, naye hasikii.

Baada ya arobaini nguo zake ziligawiwa, kama ilivyo desturi. Kanga zilikwenda kwa shangazi, viatu kwa jirani, vyombo kwa ndugu wa Kondoa. Hakuna aliyekumbuka kuwa sauti yake ilikuwa imebaki mlangoni. Au pengine walikumbuka, wakanyamaza.

Mwanaidi aliacha shule akiwa kidato cha tatu ili amlee Naima. Kwa muda tu, baba alisema. Sare yake ilikuwa bado inaning'inia nyuma ya mlango wa chumba. Hakulalamika. Alikuwa na dawa yake: alitoka nje bila haja yoyote, akazunguka nyumba, akarudi kuweka kidole. Siku nyingine alifanya hivyo mpaka majirani wakadhani amepoteza kitu uani.

Kwa hiyo aliijua sauti ile kuliko anavyoijua yake. Na jioni ile, kicheko hakikuwepo.

Jioni iliyofuata mlango ulifunguka tena wenyewe. Safari hii ilikuja na harufu, kama majivu ya moto yaliyomwagiwa maji. Naima aliinuka mkekani, akachota maji mtungini kwa kikombe cha bati, akakiweka sakafuni karibu na mlango.

"Unampa nani?" Mwanaidi aliuliza.

"Mama. Amekaa pale."

"Mama yuko kwa Mungu, Naima."

"Amerudi. Ila miguu yake imekuwa mirefu."

Mwanaidi aliangalia pale. Palikuwa na ukuta, na kikombe. Asubuhi kikombe kilikuwa kikavu, na ndani yake majivu membamba.

Naima aliacha kula. Mlenda, ambao zamani aliulamba mpaka kwenye kiwiko, sasa aliusukuma. "Nimeshiba. Mama amenilisha." Mashavu yakaingia ndani, macho yakawa makubwa. Zahanati walimpima malaria, wakampima na kila kitu, wakasema hana ugonjwa, apewe uji wa lishe.

Baba aliporudi safari, Mwanaidi alimweleza yote, kwa sauti ya chini, jikoni.

"Betri hizo," baba alisema bila kumtazama. "Betri zikichoka, kitasa kinachanganyikiwa."

"Basi tuite Seth aifute ile sauti, baba."

"Unajua kwa nini nachelewa kuingia ndani nikitoka safari?" baba alisema. "Naweka kidole, unafunguka. Naufunga tena. Naweka kidole." Akafuta uso kwa kiganja. "Usiniambie niifute, mwanangu."

"Kumbe na wewe, baba," Mwanaidi alisema, na wote wawili wakalia, kila mmoja akitazama upande wake.

Kisha ilikuja jioni ambayo alikuwa peke yake sebuleni, Naima amesinzia mapajani, mwepesi kama kapu tupu, na upepo wa kipupwe ulikuwa unapuliza chini ya mlango ukibeba ile harufu ya majivu, na kitasa kikawaka taa yake ya bluu ingawa hakuna kidole kilichokigusa, na sauti ya mama, tamu, taratibu, bila kicheko, ikasema, "Karibu, Mwanaidi," jina ambalo mama hakuwahi kulisema ndani ya kitasa kile, naye badala ya kukimbia akajikuta anasogea, anasogea na mtoto mikononi mpaka paji lake likagusa mbao, akasema, "Mama?"

"Mlete mtoto," sauti ilisema. "Mlete, nje baridi."

Aliruka nyuma. Usiku huohuo alipiga simu Kondoa.

Aliyekuja alikuwa Bi Joha, mama mdogo wa marehemu, Mrangi mfupi mnene aliyesifika kwa kuondoa majini, na aliyeshuka kwenye bajaji akilalamika miguu. Seth naye alikuwa ameitwa. Bi Joha alisimama nje ya mlango akapaza sauti, "Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Vua viatu," kitasa kilijibu.

Bi Joha alirudi hatua. "Mimi mwanao? Nimekukogesha ukiwa mchanga, leo waniita mwana?" Kisha uso wake ukabadilika. "Habibu, mkwe wangu! Ndani hamna watu? Siingii nyumba ninayokaribishwa na chuma."

Mwanaidi alimfungulia kwa mkono. "Shikamoo, bibi. Karibu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, hiyo ndiyo karibu." Lakini alikaa palepale kizingitini. Alimtazama Naima, akamshika kifundo cha mkono kilichokonda, akatikisa kichwa. "Mama yenu aliwafundisha nini kuhusu hodi ya magharibi?"

Mwanaidi alikumbuka. Mama aliwaambia tangu wakiwa wadogo, kama bibi zake walivyomwambia yeye. "Giza likiingia, usiitikie hodi ya kwanza wala ya pili. Mwanadamu atapiga ya tatu. Wale wengine hawaiwezi."

"Na huyu wa chuma husubiri ya tatu?"

Bi Joha alikinyooshea kitasa kidole.

"Hahoji. Anasema karibu tu. Mwili wa Rukia ulipoletwa ilikuwa saa ngapi?"

"Magharibi," baba alisema.

"Basi hakuingia peke yake. Nyuma ya maiti kuna wenye kufuata. Nyumba hii imewakaribisha kwa sauti ya mwenye nyumba, na mpaka leo inawakaribisha."

Seth alikuwa amekwisha kufungua kifuniko cha kitasa. Alinyoosha kiganja. Betri zilikuwa zimevuja, zimeota kutu ya kijani.

"Mzee Habibu," alisema polepole, "hizi zimekufa siku nyingi. Mlikuwa mnafunguaje?"

Bi Joha alichoma ubani, akasoma, akanyunyizia maji ya kisomo pembe zote za nyumba. Kitu kilikuwa kinakwaruza dari, kikihama chumba hadi chumba mbele yake. Kilipofika mlangoni kilitulia.

"Hakitoki," alisema, jasho likimtiririka. "Karibu bado ipo. Mimi naweza kufukuza mgeni. Siwezi kumfukuza aliyekaribishwa. Ifutwe. Na afute aliyeachiwa nyumba." Alimtazama Mwanaidi.

Seth aliweka betri mpya, akafungua programu ya kitasa kwenye simu ya baba, akamwonyesha Mwanaidi pa kubonyeza. Baba aligeukia ukutani.

"Niisikie mara moja, bibi," Mwanaidi alisema.

"Mara moja."

Aliweka kidole. "Karibu, mwanangu. Vua viatu. Maji yako kwenye mtungi." Na kicheko kikaja, kile cha puani, chenyewe hasa. Mama alikuwa anacheka kwa sababu Naima alimvuta kanga. Baba alitoa sauti kama ya mtu aliyepigwa. Mwanaidi alitamani kusema wasubiri hadi kesho, lakini Naima alikuwa ameanza kutambaa kuelekea mlangoni, macho ameyafumba, mkono ameunyoosha kumpa mtu asiyeonekana.

Akabonyeza.

Mlango ulijibamiza mara moja, harufu ya majivu ikapita usoni mwao kama joto la tanuri, ikatoka. Naima akaanguka chali, akalia kilio cha mtoto mwenye njaa.

Bi Joha alitoka nje, akapiga hodi tatu. Mwanaidi alijua anachotakiwa kufanya. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, "Karibu, bibi. Vua viatu. Maji yako kwenye mtungi."

Usiku ule Naima alikula ugali wa uwele na mlenda mpaka kwenye kiwiko. Kesho yake Bi Joha alirudi Kondoa, baba akaenda safari. Mlango sasa ulifunguka kimya.

Magharibi Mwanaidi alikuwa anakunja mkeka.

"Hodi," sauti ilisema nje.

Mkeka ulimponyoka. Naima aliinua kichwa. "Mama!" Mwanaidi alimziba mdomo kwa kiganja, akamkumbatia, wakaketi sakafuni.

"Hodi," sauti ilirudia, karibu zaidi, midomo juu ya mbao. "Mwanaidi, nifungulie. Nimevua viatu." Na kisha, nje kwenye baridi, ikacheka, kicheko kifupi cha puani, chenyewe hasa, ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekifuta kwa kidole chake na ambacho hakikubaki tena mahali popote duniani isipokuwa pale, upande wa pili wa mlango, umbali wa mkono mmoja.

Machozi yalimtiririka mpaka kwenye nywele za Naima. Aliuma mdomo, akasubiri hodi ya tatu. Mama ndiye aliyemfundisha kusubiri.

Haikuja.

Mpaka leo, jua likizama Area D, nje ya mlango ule husikika hodi mbili. Mwanaidi huacha kila anachofanya, akasimama karibu, mkono juu ya kitasa, akiomba isije ya tatu, na akiomba ije.