Sekunde Thelathini za Mamdogo Kazija

Mwaka 2003 watu waliojua kutengeneza tovuti hapa Tanga ungewahesabu kwa mkono mmoja, na kidole gumba nilikuwa mimi. Shule niliiachia kidato cha pili, mwalimu wa hesabu akapumua. Lakini waliomaliza ndio waliokuwa wakija kuniuliza baruapepe inafunguliwaje. Kwa hiyo ba'mdogo Uweso alipotaka studio yake ijulikane, hakwenda mbali.

Studio ilikuwa chumba cha uani, Makorora. Aliifungua baada ya kupunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge, akarekodi kaswida, kwaya, harusi. Kisha zikaja redio mpya na sidii za kunakili, wasanii wakahamia Dar. Ba'mdogo akabaki kufuta vumbi kwenye maikrofoni. Anafuta, anakaa, anafuta tena.

"Nitie huko mtandaoni, mwanangu, kabla sijaanza kukaanga mihogo."

"Nikikutia mimi, utajulikana mpaka Japani."

"Wakinijua hapa Ngamiani yatosha."

Nikasikiliza kanda zake. Nyingi za kusinzia. Moja tu ilinisimamisha vinyweleo: mkewe, mamdogo Kazija, Mpemba, akiimba wimbo wa pepo wake. Kwao pepo ana wimbo. Mwanzo unamwita apande kichwani, katikati anasemeshwa, mwisho anaagwa ashuke. Dakika ishirini na mbili.

"Itumie," mamdogo aliniambia, anachagua mchele. "Lakini ukiufungua wimbo, uufikishe mwisho."

"Sawa, mamdogo." Namwitikia huku akili iko kwingine.

Sasa niambie wewe mjuaji: kwa intaneti ile ya waya wa simu, dakika ishirini na mbili zingepanda lini? Nikakata. Nikaweka sekunde thelathini za mwanzo, zijicheze zenyewe kila mtu anapofungua ukurasa. Chini nikatia kaunta ya kuhesabu wageni wa ukurasa. Kazi safi. Nikamtumia binamu yangu Hilal, aliyeko Maskati, awagawie wenzake.

Kesho yake kwenye kafe ya intaneti, barabara ya nane, kaunta ilisoma tisa. Nikaenda Makorora kujisifu. Nikamkuta mamdogo kakaa sakafuni, ungo umepinduka, kanga imelowa jasho.

"Nimechoka tu," alisema.

Ba'mdogo akanivuta pembeni. "Kapandwa mara tisa tangu asubuhi. Bila ngoma, bila ubani."

Sikuunganisha. Mimi mwepesi wa mambo mengine.

Siku ya pili kaunta ilifika thelathini. Mchana kweupe, mbele yangu, shingo yake ikaenda nyuma. Macho yakageuka. Akaimba. Kisha akakatika katikati ya neno, kama redio iliyozimwa.

Neno lile nililijua. Ndipo nilipokata mimi.

Siku ya tatu hakuweza kushika kijiko. Ba'mdogo alimlisha uji, ukarudi. Nikasogeza sikio.

"Hajashuka," alinong'ona mamdogo, "wanamwita tena. Hajashuka, wanamwita tena. Nitakufa, mwanangu. Mwili wenyewe mmoja."

Nilikimbia mpaka kafe. Niliufuta ukurasa. Kaunta iliishia sitini na moja.

Nilipomweleza ba'mdogo, hakunipiga. Bora angenipiga. Alikaa kwenye kiti chake cha studio, akaitazama deki ya kanda.

"Kaitwa mara sitini na moja," alisema. "Ataagwa mara sitini na moja."

Tukamlaza mamdogo kwenye mkeka mle studio. Kipande cha kumuaga pepo kilikuwa dakika nne, mwishoni mwa kanda. Tunacheza. Tunarudisha. Tunacheza. Kila kikiisha, ba'mdogo anapiga mstari ukutani kwa chaki. Baada ya kumi na mbili, mamdogo alikunywa maji. Baada ya thelathini, alifumba macho mwenyewe. Vidole vyangu viliota malengelenge. Ba'mdogo alikuwa anasinzia akiwa amesimama, akishtuka mkanda ukifika mwisho.

Mstari wa sitini ukapigwa. Mamdogo alikuwa amelala usingizi wa kweli, anakoroma kidogo. Nikarudisha kanda mara ya mwisho.

Deki ikaula mkanda.

Ukatoka vipande vipande, umejikunja. Hakuna nakala; mimi nilinakili zile sekunde thelathini za mwanzo tu. Tulipomwamsha, tulimwomba auimbe mwenyewe. Akafungua mdomo. Akatutazama.

"Mwisho wake siukumbuki," alisema.

Basi, tukamwacha. Alikula wali usiku ule, sahani mbili. Akamtania mumewe. Pepo hajampanda tena hata siku moja, mpaka leo mzima, na anasema kichwa chake chepesi, hakuna mtu. Mimi nikajiambia mahesabu ya ba'mdogo yalikosea. Sitini zilitosha.

Asubuhi ba'mdogo aliniita. Alikuwa mlangoni mwa studio, haingii. Alinyoosha kidole juu.

Darini alikuwa amebandika trei za mayai kuzuia mwangwi. Trei ngumu, za boksi. Zilikuwa zimebonyea. Kisigino. Vidole. Hatua moja, nyingine, za mtu mzito anayetembea taratibu, kama aliyechoka sana. Zimeanzia mlangoni, zimepita dari yote, zimekwenda kusimama juu ya maikrofoni.

Pale nyayo zilikuwa mbili, pamoja, zimezama.

Tulizitafuta za kurudi. Hazipo.