Kona ya Jicho la Sattemma

"Huyo mwizi kaelekea wapi?"

"Soko la samaki la Ramnagar," Meja, mkuu wake wa upelelezi, alinguruma simuni. "Akiutia ule mzigo barafuni, Padmaja, kilichomo kitakufa."

Padmaja akaiwasha pikipiki yake, Royal Enfield.

Mzigo wenyewe ulikuwa chupa ya kutunza joto. Ndani, utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu.

Chokaa iliunguza macho yote mawili ya Mama Sattemma. Ilisalia kona moja ya jicho moja yenye uhai. Watafiti wa Hyderabad wakakata kipande kama punje ya ufuta, wakakikuza siku kumi na nne, kikawa utando huo. Leo upandikizwe jichoni. Hakuna cha kukata tena.

Kisha Rajayya akavaa koti la daktari, akatoka na chupa. Kampuni ya ng'ambo ilimtuma, iuibe ufundi huo.

Rajayya! Mji mzima ulimjua. Miaka ishirini anasafirisha kamba wa baharini kwa magendo kutoka pwani ya Kakinada. Kwake yeye, kila kitu cha thamani hulazwa barafuni.

Sokoni, matumbo ya samaki yaliteleza chini ya buti. Padmaja akaziba pua.

Makelele yakamwongoza.

"Rudi foleni!" Narsamma, muuza barafu, alikuwa anafoka. "Hata mkwe wangu hupanga mstari, sembuse wewe daktari wa kuku!"

"Mama, mzigo utaoza!"

"Uoze! Umeoza wewe kwanza!"

Rajayya akatema tambuu, akajifutia mdomo kwa koti jeupe. Chupa ilikuwa kwapani. Kwapani, jamani!

Bastola ya Padmaja, Glock, ikamgusa kisogo.

"Nipe."

"Dada, bila barafu..."

"Huu si mzigo wa kamba. Ni jicho la mtu."

Rajayya akachomoa kisu cha kuparia magamba. Narsamma akambamiza mkono kwa koleo la barafu. Kisu chini. Chupa hewani.

Padmaja akaidaka kwa mkono wa kushoto. Teke la kulia likamtumbukiza Rajayya kichwakichwa katika pipa la matumbo.

Kipimajoto cha kifuniko: nyuzi thelathini na sita, joto la mwili. Utando salama.

"Asante, mama."

"Nenda, mwanangu. Huyu namkalia mwenyewe mpaka polisi waje."

Na kweli akamkalia. Mwanamke wa kilo mia!

Saa tisa alasiri Meja akapiga simu.

"Mnunuzi tumemnasa uwanja wa ndege. Utando umeshonwa, uko hai. Daktari anasema wiki mbili tatu, mama ataanza kuona."

"Vizuri."

"Rajayya analalamika ulimtukana."

"Mwongo. Nilimpiga teke tu."

Akakata simu. Akanawa mikono mara ya nne, akaondoka zake akiinusa: bado samaki.