Jina Alilopewa Benite

Kila Jumamosi, kazi za jamii zikishamalizika na watu wa kitongoji cha Ngagara wakirudi na majembe mabegani, wengi hawakwenda nyumbani moja kwa moja. Walipitia uwanja wa mpira wa kikapu wa Kartie ya Tano, yaani mtaa wa tano, kuwatazama wasichana wakicheza. Lakini tuseme ukweli: nusu yao hawakufuata mpira. Walimfuata Orlane.

Orlane alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mdomo wake haukujua kupumzika. Kucheza hakuweza. Mara mbili alizojaribu, mpira ulimpiga usoni, akaenda kukaa. Basi akachukua chupa ya plastiki, akaikata kitako, akaifanya kipaza sauti na kuanza kutangaza. Ujuzi huo aliupata nyumbani. Baba yake Pontien, karani wa wizara moja, hakukosa mechi ya redioni siku ya Jumapili, na redio aliyoipenda ilikuwa ya Tanzania. Orlane alikaa karibu naye akiyameza maneno yote. Siku za kawaida aliongea Kirundi na Kiswahili cha Ngagara chenye Kifaransa ndani yake, ila akiishika ile chupa, Kiswahili cha redio kilimtoka utadhani amezaliwa Dar es Salaam.

Binamu yake Hugues, kijana mwenye simu nzuri, alimrekodi na kuzituma video kwenye makundi ya WhatsApp. Haikupita miezi miwili, mama muuza mikate akawa anamwita Mtangazaji na kumwongezea andazi. Wewe ungekataa? Kichwa cha Orlane kikaanza kuvimba kidogo kidogo.

Watangazaji wa redio huwapa wachezaji majina ya utani, naye akafanya vivyo hivyo. Prudence, mwenye mbio, akawa Umeme. Danielle, ambaye mpira ulimtii kama mbwa anavyomtii mwenyewe, akawa Fundi. Kisha ikaja zamu ya Benite.

Benite na Orlane walikuwa chanda na pete. Shuleni walikaa dawati moja. Familia ya Benite ilitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na mama yake, Mawazo, aliuza vitenge mtaa wa Asiatique. Benite alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, mnene, mwenye mabega mapana na kicheko cha kuambukiza. Akisimama chini ya kikapu, kumpita ilikuwa kazi.

Jumamosi moja msichana wa timu pinzani alimjia mbio, akamgonga, akarudi nyuma mwenyewe na kukaa chini. Orlane akainua chupa yake.

"Kontena limeshushwa bandarini, mabibi na mabwana! Anayetaka kupita alete winchi!"

Watu walicheka mpaka wengine wakaegemea majembe yao. Hata Benite alicheka. Orlane hakuwahi kusikia kicheko kikubwa namna ile, na tangu siku hiyo alitaka kukisikia tena. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, maana aliyeonja kicheko cha watu hatosheki haraka.

Video ile ilizunguka Ngagara yote, ikafika kitongoji cha Kigobe, ikafika mjini. Jumatatu shuleni, wavulana wa darasa la juu walimpisha Benite mlangoni huku wakipiga honi za lori kwa midomo. Sokoni mtu mmoja alimwuliza amebeba tani ngapi. Kila Jumamosi Orlane aliongeza chumvi: mara Kontena limechelewa, mara barabara imebonyea, mara matairi yamepasuka. Na kila aliposema, watu walicheka, na Hugues akarekodi.

Benite alivumilia wiki tatu. Siku ya nne ya wiki iliyofuata, wakitoka shule, alisimama njiani akamwambia rafiki yake, bila hasira, "Orlane, lile jina uniondolee. Mi silipendi."

Orlane alimjibu kwamba hata wachezaji wakubwa wana majina ya utani, na kwamba watu wanampenda nalo. Benite hakubishana. Alirudia tu kwamba halipendi. Basi Orlane akaahidi, akaapa kabisa, kwamba hatalitaja tena.

Jumamosi ilipofika, alijitahidi. Nusu nzima ya mchezo aliita "Benite, Benite" tu. Lakini watu walikuwa kimya, wengine walianza kuondoka, na Hugues akaishusha simu. Kisha mwanaume mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Mtangazaji, Kontena liko wapi leo?" Orlane akamtazama Benite. Benite naye alikuwa akimtazama. Ilikuwa muda mfupi tu, wa kuvuta pumzi moja. Orlane akainua chupa na kulitaja.

Tangu hapo Benite hakumwomba tena. Wakati wa mapumziko alianza kumpa Orlane mkate wake wote, akisema ameshiba. Alivaa sweta siku za jua kali, akasema anahisi baridi. Kicheko chake kilikwisha. Na Orlane, jamani, Orlane aliula ule mkate kwa furaha, akafikiri kuwa rafiki yake amekwisha kusamehe.

Siku ya mechi na wasichana wa Kigobe, uwanja haukuwa na pa kukanyaga. Kocha Révérien alimwuliza Benite kama yuko sawa, kwa sababu midomo yake ilikuwa imekauka. Benite akaitikia kwa kichwa. Mchezo ukaanza, jua likawaka. Kabla ya mapumziko, Benite aliruka kuufuata mpira, akashuka vibaya, akaanguka chali.

Orlane alidhani ameteleza.

"Kontena limeanguka barabarani! Polisi wa trafiki wafunge njia, magari hayapiti!"

Watu wakaangua kicheko. Hugues alikuwa akirekodi. Akabonyeza na kutuma palepale. Kicheko kiliendelea kwa muda, kisha kikaanza kupungua upande ule ulio karibu na kikapu, kwa kuwa walioko kule waliona kwamba Benite hanyanyuki. Kocha Révérien alikuwa amepiga magoti akimpigapiga mashavu. Danielle alikuwa akilia. Chupa ilimwanguka Orlane mkononi, akabaki amesimama mdomo wazi, bila neno, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Walimbeba Benite kwenye teksi hadi kituo cha afya. Lakini simu ina mbio kuliko teksi. Wakati ule Mawazo alikuwa dukani kwake Asiatique akimpimia mteja kitenge, na mteja huyo alikuwa akitazama simu na kucheka. Akamgeuzia Mawazo ili naye acheke. Hivyo ndivyo mama alivyopata habari ya mtoto wake: alimwona amelala chini, macho yamefumbwa, huku watu mia moja wakicheka na sauti anayoifahamu ikitangaza. Sauti hiyo ilikuwa imekula mezani pake mara nyingi.

Jioni, Pontien alimshika binti yake mkono wakaenda kituo cha afya. Njiani hakumkaripia. Alisema jambo moja tu, kwamba na yeye alikuwa amezicheka video zile kazini na kuwaonyesha wenzake, na kwamba anaona aibu. Orlane angependelea kuchapwa.

Mawazo aliwapokea kwa heshima. Alimpa Pontien kiti, akaeleza kwamba daktari amesema mtoto hajala vizuri kwa wiki nyingi, alikuwa akifanya mazoezi bila chakula na mwili umeishiwa nguvu. Atapona, ila anahitaji chakula, mapumziko, na mtu wa kuzungumza naye. Nyumbani alikuwa akisema amekula shuleni. Mawazo aliyasema hayo kwa sauti ya chini, akiwa anaukunja na kuukunjua ukingo wa shuka.

Benite alikuwa amelala akiutazama ukuta. Orlane alimsogelea, akaanza kuomba msamaha, maneno yakamkwama. Yule aliyeweza kutangaza saa nzima bila kukohoa alishindwa kumaliza sentensi moja. Alilia. Benite akageuka polepole.

"Watu wakicheka, mi ningevumilia," alisema. "Watu siwajui. Lakini ile sauti ilikuwa yako, Orlane. Nilikuomba."

Kisha akaugeukia ukuta tena.

Usiku huo Orlane alimlazimisha Hugues afute video zote. Hugues akafuta moja baada ya nyingine, kwa kuwa na yeye alikuwa ameanza kujuta. Lakini kufuta kwenye simu yake kulisaidia nini? Zilikwisha kwenda Kigobe, zikaenda Uvira, zikaenda kwa watu wasiojua hata Ngagara iko wapi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumamosi iliyofuata, Pontien alisimama na binti yake katikati ya uwanja, watu wakiwa na majembe yao. Orlane hakushika chupa. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya nyumbani, kwamba alivunja ahadi aliyompa rafiki yake ili watu wacheke, na kwamba Benite aliacha kula kwa sababu yake. Akawaomba kila mmoja afute video zile. Hakuna aliyecheka. Mwanaume yule aliyekuwa amepaza sauti siku ile alitoa simu yake, akafuta, akainamisha kichwa. Wengine wakafuata. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Siku hiyo Kartie ya Tano nzima iliuona ule usaha.

Benite alipona. Baada ya wiki tatu alirudi shuleni, mwembamba kidogo, akila mkate wake mwenyewe polepole. Wavulana wa honi waliitwa na mwalimu mkuu, wakanyamaza. Lakini Benite alimwomba mwalimu dawati jingine, akakaa na Prudence. Akikutana na Orlane alimsalimia, tena kwa adabu, kama unavyomsalimia jirani wa mbali. Hakuna kilichomuumiza Orlane kama salamu hizo.

Kocha Révérien alikwenda kwao kumwuliza Benite kama angependa kucheza tena. Benite alikubali kwa sharti moja: uwanjani pasiwe na utangazaji. Kocha alimfikishia Orlane ujumbe huo. Orlane alisema sawa, akaenda kulia chooni.

Siku Benite aliporudi uwanjani, Orlane alikuja, akakaa kwenye jiwe la pembeni, mikono mapajani. Alikuwa amekuja kutazama tu. Punde Mawazo, ambaye alikuwa amefunga duka ili aje, akaketi karibu naye. Orlane alitaka kuondoka, Mawazo akamshika kiwiko.

"Kaa, mutoto wangu," alisema. "Nina neno la kukuambia, na sitalisema mara mbili."

Wakatazama mchezo kidogo. Benite alikuwa chini ya kikapu, mikono juu.

"Huyu nilimzaa kwa miezi saba. Alikuwa na kilo moja na nusu. Daktari wa Uvira aliniambia nisimpe jina kwanza, nisije nikaumia sana. Nilimfunga hapa kifuani, ngozi kwa ngozi, miezi miwili, nikilala nimekaa. Sikuomba awe mzuri, sikuomba awe na akili. Niliomba kitu kimoja: Mungu, umupe mwili. Kila wiki wakimpima, akiongezeka hata kidogo, nilipiga magoti palepale kliniki, watu wanaona. Siku alipofika kilo tatu, baba yake alichinja kuku."

Akajifuta macho kwa kiganja.

"Mwili huo ndio mulikuwa munacheka. Na yeye akaanza kuupunguza ili mupumzike kucheka."

Orlane aliinamisha kichwa mpaka kwenye magoti. Mawazo akaendelea.

"Benite amekusamehe, aliniambia. Lakini hawezi kurudi kwako kama zamani, si sasa, pengine hatarudi, na huwezi kumlazimisha. Hiyo utaibeba. Mdomo Mungu amekupa, sisemi uufunge. Ila watu watakupigia makofi kwa mabaya na kwa mazuri, simu itapeleka vyote, haichagui. Kuchagua ni kazi yako. Kabla hujamcheka mutu ili wengine wafurahi, jiulize kama ungeyasema maneno hayo mama yake akiwa amekaa hapa, kama nilivyokaa."

Uwanjani, Benite aliudaka mpira hewani, akageuka, akautumbukiza kikapuni. Watu wakasimama na kulitaja jina lake, lile alilopewa na mama yake baada ya miezi miwili ya kungoja. Mawazo alisimama pia, akipiga vigelegele. Orlane alifungua mdomo aungane nao, akakumbuka sharti, akaufunga. Akapiga makofi tu, taratibu, huku machozi yakimtiririka. Benite alikuwa akikimbia kurudi upande wake, na hakutazama kule alikoketi Orlane.