Mbegu ya Limau Maktabani

Na ijulikane kwa raia wote wema, wenye kadi ya maktaba na wasio nayo, kwamba asubuhi hiyo chuo kiliamka na msiba mzito usio na mfano. Marehemu alikuwa mashine ya kuazimishia vitabu, mwenye umri wa siku mbili.

Inspekta alifika mbio, kikombe cha chai mkononi. Hakuvuka mlango.

"Afande, hicho kinabaki hapa," alisema mkutubi aliyepiga simu polisi, akionyesha benchi la nje. Wanachuo walimwita Mama Kimya. "Humu hakiingii kinywaji. Hata waziri aliacha soda yake hapo."

Inspekta alikiacha kama mtoto aliyenyang'anywa manati.

Marehemu alisimama karibu na kaunta, kioo cheusi tii. Kando yake alikuwa Mkuu wa Chuo, akikohoa kwenye leso.

"Bajeti imekatwa, Inspekta," alisema Mkuu. "Nilimudu kimoja tu: mashine hii au mshahara wa mama. Mwisho wa mwezi alikuwa aondoke. Mengine jaza mwenyewe."

"Unanishuku mimi?" aliuliza Mama Kimya.

"Sijataja mtu."

"Umetaja mshahara wangu. Wenye mshahara huo tuko wangapi?"

Inspekta akamkalisha mama kitini.

"Jana ulifunga lini?"

"Jioni, kama kawaida. Leo nimefungua, nikaikuta imekufa."

"Uliichukia?"

"Sana. Inamwambia 'karibu tena' hata aliyerudisha kitabu kimechanika."

"Ukaiua?"

"Mwanangu, mimi hata kitabu kibaya sijawahi kukichana."

Mtaalamu wa uchunguzi wa kisayansi alimpasua marehemu kifua. Alama za vidole hazikusaidia. Chuo kizima kilikuwa kimempapasa. Lakini ndani kulikuwa na majimaji matamu, na kwa kibano akachomoa mbegu moja.

"Limau," alitangaza kwa huzuni ya daktari. "Na huku juu kuna duara la kitako cha kikombe."

"Ushahidi huo!" alidakia Mkuu. "Chai ya mama!"

Inspekta akatazama benchi la nje. Vikombe vya walimu, chupa za wanachuo, na chake mwenyewe kikipoa bila hatia. Mama huyu asingeweka kikombe juu ya mashine hata usingizini, na mbele ya macho yake hakuna ambaye angethubutu. Basi kiliingia akiwa hayupo.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili," alijibu Mama Kimya. "Mmoja wangu." Kisha akainamisha macho.

Mkuu akakohoa.

"Kikohozi hicho unakitibu kwa dawa gani, Mkuu?"

"Maji tu."

"Maji gani?"

"Ya moto."

"Yenye?"

Njia ya mwongo ni fupi. Hii haikufika hata mwisho wa kaunta.

"Chai na limau," alisema Mkuu, akaketi. "Nilikuja alfajiri kufanya mazoezi. Kesho ni uzinduzi, niwaonyeshe wageni mashine inavyofanya kazi, nami hata kuiwasha sijui. Kikombe kikapinduka. Mashine hii niliwalilia wafadhili mwaka mzima wachangie bei yake! Nikaogopa. Nikasema, mama si anaondoka..."

"Kwa nini hukuniuliza?" alisema Mama Kimya. "Mimi nimefundishwa kuitumia."

"Ningekuulizaje, nami ndiye ninayekufukuza?" Leso ikahama kutoka mdomoni kwenda machoni. "Nilipokuwa mwanachuo hapa, kwetu hakuna umeme, ni wewe uliyeniachia taa hadi nimalize kusoma. Bila wewe nisingekuwa hata mwalimu. Nisamehe, mama."

"Ulikuwa ukisoma kweli, ndiyo maana niliiacha. Na ndiyo maana sikuutaja ufunguo wako."

Mashine ilikaushwa, ikafufuka. Mahema na bendi ya uzinduzi vikafutwa, na fedha zake zikaenda kwenye mshahara wa mama. Sasa mashine inaazimisha, naye anafundisha watu kutafuta vitabu vya mtandaoni. Mwanafunzi wake wa kwanza ni Mkuu, na kila somo likiisha husema "asante, mama" kabla mashine haijamwahi kwa 'karibu tena' yake.

Inspekta alirudi wiki iliyofuata kuazima riwaya ya upelelezi, kwa sababu za kikazi kabisa. Alikuwa ameshaanza kuibonyeza mashine alipohisi ukimya mzito nyuma yake.

"Afande. Mkono huo wa koti umeficha nini?"

"Ushahidi, mama."

"Ushahidi unafuka moshi?"

Mpelelezi aliyefumbua fumbo kubwa la maktaba akainua mikono yote miwili, mmoja ukiwa na kikombe.

"Nakiri kosa," alisema. "Lakini naomba iandikwe kwamba hakina limau."